Kusoma na hesabu madarasa ya mwanzo: kabla ya kuchagua mchezo, hesabu zamu

Mwalimu, umeuliza hivi: una watoto 40 wa darasa la kwanza na la pili, ukiwapa mchezo wa kusoma au wa hesabu wanachangamka kweli, lakini kesho yake ukiwapa zoezi wengi hawajui kitu. Unataka kujua mpango unakosea wapi.

Anza kwa kuhesabu zamu. Chukua dakika 10 za mchezo wako, mfuate kwa macho mtoto anayekaa kona ya nyuma, uone amesoma mwenyewe mara ngapi au amehesabu kwa mikono yake mara ngapi. Ule mchezo wa mtoto mmoja kuja mbele, kuchagua kadi na kupigiwa makofi unakula kama sekunde 30 kwa mtoto. Dakika 10 zinatosha watoto 20 tu. Nusu ya darasa hawajagusa kitu, na waliobahatika wamesoma neno moja. Mimi sipitishi shughuli ambayo haimpi kila mtoto angalau zamu 6 kwa dakika 10. Kwa kipimo hicho kazi ya wawiliwawili inashinda karibu kila kitu, na vikundi vya watoto 6 au 7 vinaanguka, kwa sababu wawili hufanya na wengine hutazama.

Jambo la pili ni lengo. "Wataimba wimbo wa herufi" ni shughuli, bado si lengo. Andika kitu unachoweza kukiona mwisho wa kipindi: "kila mtoto asome maneno 6 ya silabi za m, k, t na l ambayo hajawahi kuyaona." Ukishaandika hivyo utagundua wimbo wa majina ya herufi hausaidii sana. Mtoto aliyekariri "em" na "a" anaunganisha anapata "ema". Anayejua sauti yenyewe, mmm-a, anapata "ma" bila kuelezwa.

Upande wa kusoma, kadi za silabi bado ndizo zana ninayoipenda kuliko zote, mradi zitengenezwe vizuri. Konsonanti 4 (m, k, t, l) kwa irabu 5 ni silabi 20. Wengi huishia hapo, halafu watoto wanakwama kwenye neno la kwanza kabisa, kwa sababu "mama" linahitaji "ma" mbili. Ongeza nakala ya pili ya ma, mi, ka, ku, la na ta, ziwe kadi 26. Hapo utapata mama, mimi, kaka, kuku, lala, kula, lima, mali, meli, tamu, kiti, moto, kalamu, kamata. Kata kadi za sentimita 6 kwa 8 na uandike kwa maka peni herufi zinazojaza kadi. Chini ya silabi piga mstari mnene. Usiuruke, maana "ku" ikigeuzwa juu chini, u inaonekana n, na mtoto ataanza kubishana na kadi badala ya kusoma. Kila seti iwe na alama yake nyuma, nukta ya rangi au namba, la sivyo baada ya wiki moja seti zote zitakuwa zimechanganyika.

Kwa watoto 40 tengeneza seti 10, seti moja kwa watoto wanne, lakini waketi wawili wawili wakitazamana. Jozi ya kwanza inapanga neno bila kulitaja. Jozi ya pili inalisoma, kila mmoja kwa sauti yake, kisha wanabadilishana. Kila aliyesoma analiandika neno kwenye daftari. Usiache kuandika. Ndiko kunakokuonyesha nani amesoma na nani amemfuatisha jirani.

Kufuatisha jirani ndiko kunakoharibu pia kusoma kwa pamoja. Darasa zima likisoma sentensi ubaoni kwa sauti moja unasikia muziki mzuri, ila watoto kumi wa mwisho wanatazama midomo ya wenzao. Weka kimya cha sekunde 5: nyosha kidole kwenye neno, kila mtu alisome moyoni, kisha shusha mkono ndipo wote waseme. Na usiende kwa mpangilio. Rukia neno la katikati, rudi la kwanza, nenda la mwisho. Aliyekariri sentensi atajulikana hapohapo. Siku za kupima ongeza maneno mawili yasiyo na maana, kama "keluta" na "mulito". Hayo hayakisiwi, lazima yasomwe.

Mtu, mti, mto na mbwa viache mpaka silabi za kawaida zizoeleke. Hapo m inasimama peke yake kama silabi, na mtoto aliyefundishwa vizuri kwamba konsonanti hufuatwa na irabu atasoma "mutu". Hajakosea kwa uzembe, anafuata kanuni uliyompa. Tengeneza kadi ya "m" peke yake kwa rangi tofauti, kisha wewe na watoto pigeni makofi pamoja: m-tu, makofi mawili; m-bwa, mawili. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe usizifundishe wiki moja.

Sasa hesabu, na hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia halafu kinakuacha njiani. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: namba inajieleza. Ukifika ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mtoto hasikii mbili, tatu, nne wala tano ndani yake. Kwa hiyo anahesabu vizuri hadi 19 kisha anaganda. Dawa ni kutaja majina mawili kwa muda, tuseme wiki 3 au 4: "makumi matatu na nne, thelathini na nne." Vilevile moja hadi tano na nane hubadilika kufuata ngeli (viwili, mawili, wawili), ila sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mtoto ambaye nyumbani anaongea lugha nyingine anaweza kujua "nane" na asiitambue kwenye "vizibo vinane". Ahesabu kwa kugusa, moja, mbili, tatu, kisha amalizie kwa jibu kamili: "vizibo vitatu." Asogeze kila kizibo kuvuka mstari uliochorwa kwa chaki. Anayenyooshea kidole tu hugusa kimoja mara mbili, au ulimi hutangulia kidole.

Kosa lingine utakaloliona ni 103 badala ya 13. Mtoto amesikia "kumi" akaandika 10, amesikia "tatu" akaandika 3. Kumwambia "si hivyo" hakumsaidii. Kata kadi za makumi zenye upana wa sentimita 12 (10, 20, 30 hadi 90) na za mamoja zenye upana wa sentimita 6 (1 hadi 9), kimo kimoja. Mtoto aweke 10 mezani, aweke 3 juu yake upande wa kulia ifunike sifuri. Anaiona 13, anainua kadi ya juu anaiona sifuri bado iko chini. Acha ainue na kufunika mara nyingi apendavyo. Angalia tu tarakimu ziandikwe katikati ya nusu zao, vinginevyo sifuri itachungulia pembeni.

Mchezo wa kuambatanisha na hizo kadi ni wa vijiti. Watoto wawili, vijiti 70, rababendi 6, dadu moja. Kila mmoja kwa zamu anarusha dadu, anachukua vijiti kwa idadi iliyotokea, na akifikisha 10 anafunga kifurushi. Anayefika 30 au kuzidi ameshinda. Vijiti havitaisha, kwa sababu hakuna anayeweza kuzidi 35. Kwa wastani kila mmoja atarusha kama mara 9, na hiyo inaingia ndani ya dakika 15. Ukiweka lengo liwe 100 mchezo hauishi na fujo inaanza. Dadu irushwe ndani ya kifuniko cha boksi, zisiokotwe chini ya madawati kipindi kizima.

Tembea ukitazama kitu kimoja: nani anafungua kifurushi ili ahesabu upya kutoka 1? Huyo bado haamini kwamba kumi ni kumi. Kaa naye, mwambie aguse kifurushi aseme "kumi", kisha aendelee 11, 12. Wakizoea, geuza mchezo: anza na vifurushi 3, kila zamu rudisha vijiti kwa idadi iliyotokea kwenye dadu. Zamu ya kwanza tu lazima kifurushi kifunguliwe, na hapo unawaandaa kwa kukopa kwenye kutoa kabla hujaandika hesabu yoyote ya kusimamisha ubaoni.

Mafumbo ya maneno yapange kwa hadhari. Ukiwafundisha kwamba neno "zidi" ni kujumlisha, wape hili: Asha ana vizibo 8, vyake vinazidi vya Juma kwa 3, Juma ana vingapi? Wengi watasema 11. Simulia kwanza bila namba yoyote, waulize nani ana vingi, waigize wawili mbele, ndipo utaje namba. Jibu 5 litatoka kwenye hadithi yenyewe.

Kipindi cha dakika 40 nakigawa hivi: 5 marudio ya jana, 8 kuonyesha, 15 mchezo, 7 kila mtoto peke yake kwenye karatasi (maswali 3 tu), 5 kukusanya zana. Zile 7 ndizo walimu wanazikata muda ukibana, na ndizo ulizokosa. Bila hizo huwezi kujua nani amebebwa na jozi yake. Gawa karatasi mafungu matatu, fungu la waliokosa ndilo utakaa nalo kesho wengine wakicheza.

Na mchezo mpya uuingize kwa silabi au namba wanazozijua tayari. Kanuni mpya na mada mpya siku moja humfanya mtoto atumie akili yote kwenye "zamu ya nani?" Michezo minne au mitano inatosha muhula mzima. Badilisha kadi zilizomo, utaratibu uache vilevile.