Shangazi Anajibu: Chuchu imezama, lakini haiumi

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41 na watoto watatu, naishi Muheza. Tangu Ramadhani chuchu yangu ya kushoto imezama ndani. Hainiumi hata kidogo. Jirani kaniambia nikande kwa maji ya moto. Mume wangu hajui, siku hizi nalala na sidiria. Naogopa nikienda hospitali watalikata titi."

Marahaba, mwanangu.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni hilo "hainiumi". Saratani ya titi ikiwa changa mara nyingi haiumi kabisa, ndiyo maana watu hukaa nayo.

Wapo waliozaliwa na chuchu za kuingia ndani, hao hawana neno. Yako imenyonyesha watoto watatu ikiwa nje, leo imezama upande mmoja. Hiyo haikandwi, inapimwa.

Kabla hujaenda, simama mbele ya kioo, inua mikono taratibu. Je, kuna mahali ngozi inavutwa kama kitambaa kilichonaswa na uzi? Au ina vitundu kama ganda la chungwa? Papasa titi lote mpaka kwapani. Iangalie na hiyo sidiria unayolala nayo: ina doa la damu? Chuchu ina ukurutu usiopona? Chochote utakachokiona, mweleze daktari. Usipoona kitu, nenda vilevile, maana chuchu peke yake inatosha.

Hilo la kukatwa: hakuna anayekata titi siku ya kwanza. Utapapaswa, utapigwa altrasaundi au mamogramu (eksirei ya titi), na ikibidi watachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikapimwe maabara. (Yale ya mtaani kwamba sindano "inaamsha" saratani si kweli.) Huenda hata isiwe saratani, mirija ya maziwa ikipata hitilafu nayo huvuta chuchu. Na ikiwa ndiyo, ikiwahiwa, huweza kutolewa uvimbe tu, titi likabaki.

Anzia hospitali hapo hapo Muheza, wiki hii. Taja upande, taja na mwezi ilipoanza. Ukipewa vidonge vya maumivu bila kuguswa, usinyanyuke kitini, kwani hukupeleka maumivu. Omba upimwe, au upewe rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa kule Tanga.

Mumeo mwambie leo. Itahitajika nauli ya Tanga, na mtu wa kubaki na watoto. Jirani mshukuru, maji yake ya moto yatafaa chai.