Kadi za boksi la sabuni

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Mwanafunzi mwenye majukumu mengi anapata wapi utulivu wa kusoma?" Nawajibu kutoka Mukono, Uganda, ninakosoma theolojia, mwaka wa tatu. Utulivu sijaupata. Nilichopata ni dakika 45.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na Jumapili naongoza ibada katika kanisa dogo kijijini. Ibada hainisumbui, ina siku yake. Kinachonisumbua ni mazishi. Muumini akifiwa hakuna anayekuuliza mtihani wako ni lini; unavaa gomesi, unakwenda. Mwaka wa kwanza nilichora ratiba ya wiki nzima kwa kalamu za rangi nne, nikaibandika ukutani. Jumatatu niliifuata. Jumanne tukaenda kuzika Kayunga. Ijumaa ratiba ilikuwa imeshakuwa pambo, na mwisho wa muhula nikapata 31 kwa 100 katika Kigiriki, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa kwayo.

Nilikuwa nimezigawa saa zote za siku kana kwamba ni zangu. Sasa nalinda kipande kimoja tu: saa kumi na robo alfajiri hadi saa kumi na moja. Wakati huo nyumba imelala, na hata wafiwa hawajaanza kupiga simu. Kipande hicho ni cha Kigiriki peke yake. Historia ya kanisa naweza kuisoma nikisubiri maharage yaive. Kigiriki hakikubali kuchanganywa na maharage. Simu yangu inalala jikoni ndani ya debe la unga, limefunikwa. Mume wangu alinicheka, halafu nikaikuta ya kwake humo humo.

Zamani nilikuwa nasoma ukurasa, napiga mistari kwa wino mwekundu, naamini nimeelewa. Nikifunga kitabu, hamna kitu. Siku hizi naanza kwa kufunga kitabu: naandika ninachokikumbuka cha jana, ndipo nafungua nijisahihishe. Inaudhi, maana kila alfajiri unajiona ulivyo mtupu. Lakini ulichokikosea ukakisahihisha kwa mkono wako hakikutoki upesi.

Kilichonifungua macho zaidi ni Kiswahili chenyewe. Nimekulia katika kambi ya polisi Kampala, ambako sisi watoto wa Wateso, Waacholi na Walugbara tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Darasani wenzangu walilalamika: kwa nini kivumishi cha Kigiriki kinabadilika kila nomino inapobadilika? Mimi nikajiuliza, mbona tunasema mtoto mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri, na hakuna anayelia? Zile jinsia tatu za nomino za Kigiriki, ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike, ni ngeli tu, tena chache kuliko zetu. Kisha kuna kitenzi ambacho wanaoanza hufundishwa mapema: luō, nafungua, lueis, unafungua, luei, anafungua. Mtendaji yumo ndani ya neno kama kwetu, ila wao wamemweka mkiani, sisi kichwani. Kitabu chetu cha sarufi kimeandikwa kwa Kiingereza na hakisemi hivyo popote. Niliona mwenyewe alfajiri moja, usingizi ukinivuta, nikacheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Tena si mimi wa kwanza kuyaingia Maandiko kwa mlango huu katika vilima hivi. Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, alianza kufundisha kwa Kiswahili, kabla Injili haijachapishwa kwa Luganda. Waliokwenda kufundishwa dini wakaitwa abasomi, yaani wasomaji, na hadi leo Luganda hutumia neno moja, okusoma, kwa kusoma na kwa kusali. Nikikosa sala ya asubuhi chuoni kwa sababu ya Kigiriki, hiyo ndiyo hoja yangu. Padri wetu haikubali.

Yaliyobaki ni maneno. Agano Jipya lina maneno tofauti yapatayo 5,400, idadi ya kumkatisha mtu tamaa. Lakini kama 300 hivi hujitokeza mara 50 au zaidi kila moja, na hayo peke yake ni karibu manne katika kila maneno matano utakayokutana nayo. Hayo 300 nimeyaandika kwenye kadi nilizokata kutoka boksi la sabuni, Kigiriki mbele, Kiswahili nyuma. Mhadhiri mmoja alitusimulia habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha matokeo ya kujikaririsha silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau inapungua. Kwa hiyo kadi mpya naipitia kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Nikiikosa inarudi mwanzo, bila huruma.

Kadi hizo hazihitaji utulivu. Jana taksi ilikwama Banda karibu saa nzima, nikazimaliza zote 40 nilizobeba, nikaanza upya. Kondakta akanitazama nikizigeuza midomo ikinicheza, akauliza, "Mama, unapiga ramli?" Nikamwambia ni Kigiriki. Akasema sawa, lakini nauli kwanza.

Mwanafunzi wa theolojia, Mukono