Je, mwelekeo wa tano unaweza kuacha alama?

SWALI: Nimesoma kwamba huenda ulimwengu una mwelekeo wa tano, zaidi ya mielekeo mitatu ya nafasi na ule wa wakati. Kama hauonekani wala haugusiki, wataalamu watauthibitishaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna anayetarajia kuuona kwa macho, kinachotafutwa ni alama ambayo huenda uliiacha ulimwengu ulipokuwa mchanga mno. Mwaka 1999 wanafizikia Lisa Randall na Raman Sundrum walipendekeza mwelekeo wa tano uliopinda, wenye ukuta kila mwisho, ambamo maada yetu imenaswa kwenye ukuta mmoja ilhali mvutano, ile nguvu inayotuvuta ardhini, unaenea kote, na ndiyo maana, kwa nadharia yao, mvutano ni dhaifu kuliko nguvu nyingine zote.

Miaka miwili baadaye Paolo Creminelli, Alberto Nicolis na Riccardo Rattazzi walionyesha kwamba, katika joto kali la mwanzo, ukuta huo wetu usingekuwapo: mahali pake pangekuwa na upeo wa shimo jeusi, yaani mpaka ambao kitu kikiuvuka hakirudi. Joto liliposhuka, ukuta ungejitokeza, si kila mahali kwa pamoja, bali ndani ya viputo, kama maji yanapoanza kuchemka sufuriani. Hapo ndipo penye uhondo, kwa sababu viputo hivyo huchelewa sana kutokea, ulimwengu ukaendelea kupoa kupita kiwango cha joto ambacho mgeuko huo, yaani kujitokeza kwa ukuta, ulipaswa kutokea, hata vinapotanuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga na kugongana, nishati iliyolimbikizwa hufumuka na sehemu yake kuwa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe. Katika nadharia ya kawaida ya chembe, mgeuko wa zama hizo ulikwenda taratibu, bila viputo.

Mawimbi hayo yametanuka pamoja na ulimwengu, kiasi kwamba leo wimbi moja lingechukua dakika kadhaa kupita. Mitambo ya LIGO ya Marekani, iliyonasa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza Septemba 14, 2015, ina mikono ya kilomita 4, mifupi mno kwa kazi hiyo. Tegemeo ni LISA, mradi ulioidhinishwa na Shirika la Anga la Ulaya Januari 2024: vyombo vitatu vitakavyoachana kwa kilomita milioni 2.5 angani, vinavyotarajiwa kurushwa mwaka 2035.

Hata hivyo, ningekuwa mwangalifu na vichwa vya habari siku LISA itakaponasa kitu. Nyota vibete vyeupe, yaani mabaki ya nyota zilizokufa, zinazozungukana kwa jozi katika galaksi yetu zitapiga kelele katika masafa hayo hayo, na zipo nadharia zisizo na mwelekeo wa tano ambazo nazo huzaa viputo.