Umeachiwa shamba na miti huijui? Panga weka ndani kwanza

Ndugu uliyeuliza kuhusu shamba la marehemu babu yako huko Lindi, kwamba umekuta vichaka na miti usiyoijua na vijana washakupa bei ya kufyeka kila kitu, nakuomba usiwaruhusu bado. Mimi niliwaruhusu na mpaka leo roho inaniuma.

Langu lipo maeneo ya Mtama, kaniachia mjomba, si unajua sisi Wamwera mambo yetu yanafuata upande wa mama. Nilifika mwezi wa tisa, jua kali, miti mingi imepukutika, nikatambua mikorosho na miembe basi, vilivyobaki vyote nikaita pori. Pembeni ya njia kulikuwa na kimti cha miiba, kimejipinda, ganda la kijivu, hakina hata jani moja. Kijana akaanza kukata, panga likawa linadunda tu mpaka likapata pengo. Kilipoanguka nikainama kuangalia, pembeni mbao nyeupe kama unene wa kidole, ndani nyeusi tii yenye uzambarau kwa mbali. Mpingo! Ule ule Wamakonde wanaochongea vinyago, na huko nje wanatengenezea klarineti. Mti unaokua taratibu mno ule, na ulitakiwa uulizie kibali kwa watu wa misitu kabla hata ya kuugusa.

Nikasimamisha kazi palepale. Kesho yake nikamfuata bibi jirani, nikamwomba tuzunguke wote. Tulitembea asubuhi nzima, kila hatua anasimama. Tukafika kwenye mibono minne imekaa kama miguu ya kitanda, akaniuliza, "Mjukuu wangu, unadhani hii nani kaipanda huku porini?" Mbono kaburi, ule unaopandwa kuonyesha kaburi. Kumbe pale kalala mama yake mjomba, na vijana walikuwa wamebakiza kama hatua kumi tu wafike! Mbele kidogo akashika kikamba kikavu kimejizungusha kwenye mti, mimi naona gugu, yeye anasema hiyo ming'oko, vile viazi vya porini, kiangazi juu panakauka ila chakula kipo chini. Ming'oko hiyo hiyo tunayochemsha tunakula.

Kwa hiyo ushauri wangu, subiri mvua zianze mwezi wa kumi na mbili hivi, majani yakitoka ndo uanze kuitambua miti, na kama unaweza pitisha mwaka mzima maana maua na matunda hayatoki kwa pamoja. Funga kitambaa kwenye kila mti usioujua, andika namba kwenye daftari. Usiangalie jani peke yake. Mpingo, mkwaju, yote ina vijani vidogo vidogo, lakini mpingo una miiba na mkwaju hauna. Mninga ukiukwaruza ganda unatoa utomvu mwekundu kama damu, na tunda lake ni duara bapa kama kisahani, katikati limejaa vinywele vigumu vinachoma. Jani la mkorosho ukilifikicha linanukia, hutolisahau.

Ila usikwaruze ovyo ovyo. Mnyaa wa kwenye uzio, ule wa vijiti vya kijani, maziwa yake yakiingia jichoni ni balaa, na mbegu za mbono na nyonyo ni sumu, watoto wasiokote kabisa.

Programu za simu zinasaidia kupata jina la kitaalamu, ila mpigie mti picha ya jani pande zote mbili, ganda, ua, tunda na mti mzima ukiwa umesogea mbali. Halafu jina la kienyeji uliza wazee wawili watatu maana Kimwera na Kimakonde mti mmoja unaweza kuwa na majina tofauti. Kuhusu mikorosho yenyewe, Naliendele pale Mtwara kuna kituo cha utafiti, hao ndo wenyewe.

Kile kisiki changu cha mpingo nilikizungushia miti ya uzio mbuzi wasikile. Mvua za kwanza kimetoa machipukizi matatu, sasa hivi moja linanifika kiunoni.