Anayekana Mungu Amkana Yupi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kijana mmoja mtaani kwetu alitamka kwamba hakuna Mungu, nasi Waislamu na Wakristo tukamjibu kwa sauti moja. Je, tulimtetea Mungu yule yule? Msomaji, Eastleigh, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sehemu tu. Nyote mlimtetea Muumba asiye na mwanzo. Lakini imani iliyotangazwa na mtaguso wa maaskofu wa Kikristo huko Nikea mwaka 325 humkiri Mwana kuwa wa asili moja na Baba, jambo ambalo tauhidi, yaani imani ya Kiislamu ya umoja wa Mungu, hulikataa kabisa. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, ambao wana hekalu hapa hapa Nairobi, hawamwamini Muumba yeyote, ilhali ni watu wa ibada. Kwa hiyo hoja ya kwamba mateso ya wasio na hatia hayapatani na Mungu mwema mwenye uwezo wote, ambayo kwangu ni nzito kuliko zote, humbana Mkristo na Mwislamu, lakini haimgusi Mjaini, anayeyahusisha mateso na karma, yaani matunda ya matendo ya mtu mwenyewe, hata ya maisha yaliyopita. Mwulizeni kijana huyo anamkana Mungu yupi, kisha msikilizeni bila vitisho, kwani Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaulinda uhuru wake wa dhamiri kama kinavyoulinda wenu.