Waulize waliokwisha kuhitimu

Mdogo wangu, umeuliza kama majina ya wahitimu yana maana unapochagua maabara ya utafiti wa sonona kwa uzamivu Marekani. Yana maana sana. Mwanasaikolojia Lyn Abramson alisoma kwa mwanasaikolojia mwenzake Martin Seligman, Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1978 yeye, Seligman na John Teasdale wakachapisha makala iliyoirekebisha nadharia ya Seligman mwenyewe, ile isemayo mtu hujifunza kukata tamaa akiona hawezi kubadili yanayompata. Mwalimu anayekubali kukosolewa na mwanafunzi wake ni adimu, nakuambia.

Waandikie wahitimu wawili watatu. Waulize walimaliza kwa miaka mingapi, walitangulizwa jina kwenye makala ngapi, na ule mwaka wa mafunzo ya vitendo, wa kuhudumia wagonjwa, waliupata wapi. Wanafunzi waliomo maabarani sasa watamsifia tu profesa. Bado wanahitaji saini yake.