Miaka 5 si mwisho wa mtoto mwenye usonji kupata maneno

Wazazi wengi huuliza kama mtoto mwenye usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na kuhusiana na watu, hatasema tena akifika miaka 5 bila kuzungumza. Hapana, mlango haufungwi. Watafiti wa Kennedy Krieger Institute, Marekani, walichapisha mwaka 2013 taarifa za watoto 535 wenye usonji ambao kufikia miaka 4 walikuwa bado hawajaweza kuunganisha maneno. Walipopimwa wakiwa na miaka 8 au zaidi, 70% walikuwa wanaunganisha maneno, na 47% wanazungumza vizuri kabisa. Waliobaki hawakufika huko, na hilo lisifichwe. Kilichotabiri zaidi ni uwezo wa kufikiri usiohitaji maneno, kama kupanga vipande vya picha, na jinsi mtoto anavyojishughulisha na watu.

Ila msichanganye na hali ya Down (Down syndrome), ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Mtoto mwenye hali hiyo kwa kawaida anaelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyatamka, ndiyo maana ishara za mikono humfaa, wala hazimzuii kusema.

Na jamani, kungoja tu hapana! Mtoto wako mwenye usonji akikuvuta mkono hadi kwenye kikombe cha maji, sema “maji” wakati uleule anakitazama, umpe, kisha urudie tena kesho.